Ruhusa Niliyomnyima

Chumba cha seva katika chuo chetu pale Chake kilikuwa zamani stoo ya madawati mabovu. Hakina dirisha. Ufunguo wake ulikuwa mmoja na ulikaa kwangu, pamoja na nywila ya msimamizi, ambayo ndiyo ufunguo hasa, maana mwenye nywila ile mashine haimkatalii kitu. Kwa miaka saba hapakuwa na mtu chuoni aliyejua kompyuta kunishinda. Nilizoea kuulizwa mimi tu, na kidogo kidogo nikaanza kuona kwamba kuulizwa ni haki yangu.

Sitaandika majina. Wahusika wako hai, na kisiwa chetu ni kidogo, mtu akipiga chafya Mtambile anaombewa rehema Wete.

Mwaka ule tulipata habari kwamba madaktari wa macho watakuja kwa wiki moja. Walikuwa wakija mara chache, na kila walipokuja ilikuwa vurugu: watu wanalala nje ya skuli, wanasukumana, vizee wanarudi makwao bila kuonwa. Mkuu wa chuo, mtu mzima mpole anayependa mambo yapite bila kelele, akakubali kwamba chuo kitatengeneza programu ya kuwapelekea wagonjwa ujumbe wa simu: uje siku fulani, saa fulani, mahali fulani. Kazi ile alinipa mimi. Nilikaa nayo miezi miwili. Siku moja nilijaribu kuijenga, ikanishinda katikati, nikaiacha hapo hapo ilipo. Mkuu akiuliza, namjibu, "Iko njiani, mzee."

Ndipo akaajiriwa mwenzangu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kwao huko juu, upande wa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe. Alijisomesha kwa kulima mwani, na vidole vyake vilikuwa na alama za kamba ambazo hazikutoka hata alipoacha kuingia majini. Kuandika programu alijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alisema Kipemba cha kwao mbele ya yeyote, hakukipiga pasi kwa ajili ya wakubwa, na baadhi yetu tulikuwa tukitazamana kila akifungua kinywa.

Katika kikao cha walimu mkuu akasema, "Ile kazi ya ujumbe, mpeni huyu ajaribu. Wewe una mambo mengi."

"Haya, vizuri sana," nikasema, na nikamtabasamia kila mtu.

Wiki mbili tu akawa amemaliza kuiandika. Alinionyesha karatasi. Kitu alichojivunia zaidi kilikuwa kidogo sana: programu yake ilitaja saa kwa Kiswahili.

"Kaka, ujumbe ukisema nane kamili, bibi wa Gando atauliza nane ipi," alinieleza. "Mie nataka umwambie saa mbili asubuhi, kama asemavyo mwenyewe."

Nilimwambia ni wazo zuri. Mimi katika miezi miwili halikunipitia.

Ikabaki kuijenga kwenye seva. Maandishi ya programu, mtu anayoyaandika kwa mkono wake, mashine haiwezi kuyaendesha yalivyo. Lazima yapite kwenye kompaila, ambayo huyasoma na kutoa faili jingine ambalo mashine inalielewa. Akakaa, akaipa kompaila amri, ikasoma kila kitu bila kulalamika, na ilipofika pa kuandika faili lile jipya ikasimama. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo: ruhusa imekataliwa.

Akajaribu tena. Ikakataliwa tena. Akafikiri vizuri, akahamishia kazi yake kwenye sehemu ya diski wanamoweka faili zao wanafunzi. Pale kompaila iliandika, lakini faili lilipotakiwa kufanya kazi likagoma kwa maneno yale yale, kwa sababu miaka ya nyuma niliweka amri sehemu ile isiendeshe kitu chochote, kuwazuia wanafunzi na michezo yao. Kwa hivyo njia zake zote mbili zilifungwa, na zote nilizifunga mimi, ingawa siku ya kwanza, naapa, sikuwa nimekusudia.

Siku ya pili aliniita. "Kaka, samahani, nitazamie."

Nikainama kwenye kioo, nikaorodhesha yaliyomo. Pale pale nikaona. Folda ambayo kompaila ilitaka kuandikia ilikuwa ni mali ya msimamizi, yaani mimi, na tarehe yake ilikuwa ya siku ile nilipojaribu na kushindwa. Nilikuwa nimejenga kwa jina la msimamizi, kosa ambalo kila mwaka nawakataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana kila unachokigusa kwa jina lile kinakuwa chake na wengine hawakigusi tena. Kulirekebisha ni mstari mmoja wa amri. Haufiki hata nusu dakika.

Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: ah, kosa langu hili. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Programu yako ina kasoro. Rudi mwanzo uisome vizuri."

"Wapi, kaka?"

"Ukiambiwa kila kitu utajifunza lini?"

Akashukuru. Nakumbuka hilo kuliko yote ya siku ile, kwamba alinishukuru.

Akairudia programu yote, mstari kwa mstari, na alipomaliza ikakataliwa vilevile, akairudia tena. Kila asubuhi nilimkuta ameshafika, mtandio umemlegea kichwani, macho mekundu. Akawa anaandika kwenye daftari kila neno ambalo mashine ilimwambia. Walimu wenzangu wakianza kupita mlangoni na kuuliza, "Bibie, bado tu?" nilikuwa nikicheka pamoja nao. Mmoja alimuigiza lafudhi yake: mashine haifahamu maneno ya kimawe. Huyo pia nilimchekea, na kwa nguvu zaidi kuliko wengine.

Mkuu akaja kuona kuna nini. Mwenzangu akamwonyesha. Mimi nikasema, "Niruhusu, mzee," nikakaa kitini pake, nikaingia kwa jina la msimamizi, nikatoa amri ile ile, na programu yake ikajengwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila hata onyo moja. Ilikuwa safi. Sikuwahi kuandika kitu safi vile. Nikalifuta faili lililotoka kabla mwenzangu hajasogea kulitazama.

"Kwangu inakwenda," nikasema.

"Basi tatizo si mashine," mkuu akasema, na akamtazama yeye.

Mwenzangu alibaki amesimama nyuma ya kiti, mikono ameikunja tumboni. Mkuu alipotoka akaniuliza taratibu, "Kaka, ulipoingia wewe jina la juu lilibadilika. Na hii safu ya tatu, inayoandika majina, ni ya nini?"

"Haikuhusu," nikamjibu. "Wewe shughulika na kasoro zako."

Ilikuwa Alkhamisi. Nilijua atakwenda kusoma mpaka aijue safu ile, na akishaijua ataiona tarehe ya jaribio langu lililoshindwa, na chuo kizima kitajua kwamba miezi miwili yote sikuwa nikifanya chochote. Kesho yake adhana ya Ijumaa ilipotoka, walimu na wanafunzi wakateremka kwenda msikitini. Nikawaambia watangulie, nawafuata. Nikafungua chumba cha seva, nikafuta folda ya zamani na kila alama ya jaribio langu, nikaunda nyingine mpya yenye jina lile lile, nikaifunga kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo: hata kuichungulia ndani asiweze. Nilipofika msikitini imamu alikuwa ameshatoa salamu. Nikakutana na watu wanatoka, nikawa natoa mikono kama mtu aliyesali.

Nilichosahau ni kwamba folda mpya nayo ina saa yake ya kuzaliwa.

Jumatatu akanisubiri mlangoni, daftari mkononi. Hakupandisha sauti.

"Safu ya tatu ni ya mwenye mali," alisema. "Mwenyewe msimamizi. Na saa yake ni Ijumaa, saa sita na dakika arobaini. Adhana ishatoka, watu washakwenda. Kaka, huku alikuwa nani?"

"Unanituhumu kwamba niliacha Ijumaa?"

"Mie nauliza tu. Mwenye ufunguo ni nani?"

Nikampita. Akaenda kwa mkuu. Mkuu hakuelewa nusu ya aliyoambiwa, ila alielewa kwamba madaktari watamaliza ziara yao Alkhamisi, kituo cha mwisho kikiwa skuli moja huko kaskazini, na wagonjwa hawajaarifiwa. Akaniamuru nimfungulie mwenzangu kila anachohitaji, na kuhusu tuhuma akasema tutakaa Jumatano asubuhi, tusikilizane.

Nikafungua. Mstari mmoja. Jumanne asubuhi akajenga programu yake kwa jina lake mwenyewe, mara moja tu, ikakubali. Aliweka namba yangu kwenye orodha kwa majaribio, kwa kuwa alikuwa muadilifu na mimi bado nilikuwa mkubwa wake wa kazi. Simu yangu ikalia: *Unatakiwa Alkhamisi, saa mbili asubuhi.* Walimu waliokuwepo wakapiga makofi. Akacheka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu aje. Akaiagiza mashine ipeleke ujumbe kwa wagonjwa wote kesho yake, Jumatano, saa kumi alasiri, wakati watu wameshatoka mashambani na pwani na simu ziko karibu.

Orodha ile niliipitia. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la mama yake mzazi.

Usiku wa Jumanne nilitafuta la kusema nikalipata, na Jumatano alfajiri nikatangulia chuoni. Sikusogeza mshale wa saa, maana huo mashine huurekebisha yenyewe ikipata mtandao. Niliiambia kwamba tuko nchi nyingine, mbali upande wa mashariki, ambako jua linatutangulia kwa saa tatu. Nikajiambia nitairudisha mchana, kabla ya saa kumi, na hakuna kitakachoharibika.

Saa tatu asubuhi tukakaa: mkuu, mwenzangu, mimi, na walimu wengine wanne walioitwa wawe mashahidi. Akaeleza yake kwa utaratibu, anasoma kwenye daftari. Alipomaliza nikawaomba wote waje kwenye chumba cha seva.

"Mzee, tazama saa ya ukutani. Ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Tazama ya mashine."

Mashine ilisema ni saa sita na dakika kumi za mchana.

"Saa ya mashine hii haina akili," nikasema. "Inakimbia mbele kwa saa tatu. Sasa ile saa sita na dakika arobaini anayoisema ni kweli saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Wakati huo mimi nilikuwa darasani, wanafunzi darasa zima ni mashahidi. Aliyekuwa amekaa kwenye mashine ni yeye."

Alifungua kinywa. "Jana ilikuwa sawa, mzee. Jana nimeijaribu mie mwenyewe, imetoa saa mbili."

"Ndiyo maana nasema haina akili. Iko siku inakaa sawa, iko siku haikai."

"Na mwenye folda ni msimamizi. Mie nywila ile sina!"

"Nywila," nikasema, na niliitafuta sauti ya huzuni nikaipata, "mtu anaweza kuchungulia bega la mwenziwe."

Walimu wale wanne walikuwa wakitazama sakafu. Mkuu akapangusa uso kwa leso. Mambo ya folda hayakumhusu sana. Lililomchoma ni jengine, na mimi nililijua tangu mwanzo kwamba ndilo litakalomchoma.

"Binti yangu," akasema, "umemzushia Muislamu mwenzako kwamba ameacha sala ya Ijumaa makusudi. Hili ni zito kuliko kompyuta. Muombe radhi."

Alinitazama. Nilidhani atatukana, na ningefurahi, kwa sababu matusi yangenifanya niwe na haki kidogo. Machozi yalimjaa lakini hayakuteremka. Akasema mbele ya wote, "Nisamehe, kaka. Huenda nimekosea." Kisha akaomba ruhusa ya kwenda kwenye chumba alichopanga, kwamba kichwa kinamuuma.

Mkuu akanizuia mimi nisiondoke, tukasali adhuhuri pamoja, akaniletea wali na mchuzi wa papa chumbani kwake, akanisifu kwa subira yangu. Tulikuwa tunanawa mikono simu yangu ilipolia. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kamili.

*Unatakiwa Alkhamisi, saa tano asubuhi.*

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mashine iliamini ni saa kumi, ikapeleka ujumbe kwa watu wote, na kila saa aliyopangiwa mgonjwa ikasogezwa mbele kwa saa tatu. Namba yangu ya majaribio alikuwa hajaiondoa.

"Kuna habari?" mkuu akauliza.

"Ni watu wa mtandao tu, mzee, na matangazo yao."

Nikaenda kwenye chumba cha seva, nikairudisha mashine Pemba. Ilikaa sawa kabisa, kama haijawahi kuondoka. Nikabaki nimekaa mbele ya kioo. Orodha iko wazi, amri ya kupeleka ujumbe naijua, kilichotakiwa ni kuandika: samahani, njoo saa ile ya mwanzo. Ingechukua dakika chache. Lakini ujumbe wa pili ungeulizwa umetokana na nini, na jibu lingenirudisha mbele ya wale walimu wanne. Nikajiambia watu wetu kwa kawaida hutangulia, ukimwambia mtu saa tano yeye yuko pale tangu alfajiri. Nikazima taa, nikafunga mlango. Nilikuwa na alasiri nzima na jioni nzima. Nilikwenda kutazama mpira, nikarudi nyumbani, nikala.

Ilivyokuwa, wengi walitangulia kweli. Wakaonwa haraka, foleni ikaisha mapema, madaktari wakasubiri kidogo, wakaona hakuna mtu, wakafunga vifaa vyao na kwenda kuwahi ndege. Saa nne u nusu ukumbi ulikuwa mtupu. Waliobaki ni wale walioamini ujumbe. Walifika kuanzia saa tano wakakuta mfagiaji anapanga madawati.

Mama yake alikuwa mmoja wao. Nilisimuliwa na mwalimu wa skuli ile kwamba majirani walimgongea asubuhi, wakamwambia bi mkubwa twende, na yeye akawajibu, "Mwanangu kaandika saa tano. Mwanangu hasemi uongo, na hiyo mashine kaitengeneza yeye." Akakaa akawasubirisha. Hakuwa na mtoto wa jicho, ambaye husubiri. Alikuwa na presha ya jicho, na hiyo haisubiri.

Jumamosi lawama zilishafika chuoni, na sikuhitaji kusema neno. Watu walijipatia sababu wenyewe. "Si alijitia saa za Kiswahili," walisema. "Kachanganya. Bora angeziacha saa za kizungu kama wafanyavyo wenziwe." Kile kitu chake kizuri kuliko vyote ndicho kilichomhukumu. Mkuu aliponiuliza kama inawezekana, nilimjibu, "Inawezekana, mzee. Kubadilisha saa ni kazi ya hatari kwa mtu asiye na uzoefu."

Katika kikao kilichoitwa kwa ajili ya lawama zile, yeye hakujitetea hata kwa neno moja. Mkataba wake wa muda ulipokwisha haukuongezwa. Mwezi uliofuata nikafanywa mkuu wa kitengo, na mpaka leo niko hapo.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinipeleka kwake. Haikunipeleka. Mwaka na kitu baadaye nilikwenda kaskazini kwa kazi ya kutengeneza kompyuta za skuli, gari likapasua tairi mbili kwenye mawe, dereva akaondoka na baiskeli ya watu kutafuta msaada. Nikaomba maji kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Aliyetoka na kata ya maji ni yeye.

Hakushtuka. Nyuma yake uani kulikuwa na kamba za mwani zimetandazwa, na alama za vidole vyake zilikuwa mpya. Nikanywa maji. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine na dereva hakuonekana, nikamwambia. Nilimwambia yote, folda, Ijumaa, saa tatu za mashariki, na ujumbe ulionifikia nikiwa na mkuu. Nilikuwa nimesimama juani na yeye kivulini.

"Nilijua," alisema.

"Lini?"

"Ijumaa yake. Niliangalia kumbukumbu za mashine. Ujumbe ulitoka saa saba na mie niliuagiza saa kumi. Hesabu hiyo hata mtoto ataifanya."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nishaombeshwa radhi mara moja." Akaipokea kata. "Na wewe hukuja kusema. Tairi limepasuka ndipo unasema."

Nikamuuliza hali ya mama yake.

"Jicho moja lilikwenda mwezi ule ule. La pili limekwenda Ramadhani iliyopita. Yuko ndani." Akafikiri kidogo. "Anaamini ni mie. Kila mtu hapa anaamini ni mie. Mie nikimwambia ni mtu mwingine, ataona najitetea. Ingia umwambie wewe."

Akanitangulia, akainua pazia. "Mama, una mgeni. Mwalimu kutoka chuoni Chake." Akaniwekea kikombe cha chai na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akatoka nje kwenye kamba zake.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka, anasuka ukili wa mkeka mwingine kwa kuupapasa. Aliinua uso kuelekea mahali ambapo sikuwa.

"Karibu mwanangu, karibu sana. Toka Chake mpaka huku kuja kunitazama mie! Mungu akuweke."

"Amin, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marhaba. Keti. Kunywa chai." Akasuka kidogo. "Wewe ulikuwa ukifanya kazi na mwanangu?"

"Ndiyo."

"Basi nataka nikwambie kitu, ukawaambie na wakubwa wenu. Mwanangu hakukosea kusudi. Kuchanganya saa ni jambo la binadamu. Alilia huyu mpaka akaumwa, akachukia chakula, na sasa anajitesa kwa kunitumikia, hataki kuolewa, hataki kuondoka. Mie nshamsamehe zamani. Nimemsamehe duniani na akhera. Mwambieni na nyinyi mmemsamehe, pengine atasikia."

Nilikiweka kikombe chini. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mwenye kulisikia yuko mbele yangu, haoni uso wangu, hana nguvu za kunifanya chochote.

"Vyema, bi mkubwa," nikasema. "Nitawaambia."

"Ahsante, mwanangu."

Nikaaga. Uani mwenzangu alikuwa ameinama, anakung'uta mchanga kwenye mwani. Hakuinuka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akasimama, akanitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya walimu, akafuta mikono kwenye kanga na kuingia ndani kwa haraka. Mimi nikaelekea barabarani. Dirisha lilikuwa wazi, na niliisikia sauti ya bi mkubwa, haina haraka, haina dalili ya mtu aliyeambiwa chochote.

"Mgeni wako hakumaliza chai," alikuwa akimwambia mwanawe. "Ilikosa sukari?"